Siku nilipomwita mgonjwa "kitanda cha saba"

Mwaka wangu wa mafunzo ya udaktari kwa vitendo, muuguzi aliniuliza hali ya mama mmoja wodini. Nikamjibu, "Nani? Kitanda cha saba?" Mama yule nilikuwa nimemhudumia siku tisa. Usingizi nilishauzoea, ubaridi ule ndio ulionitisha.

Shirika la Afya Duniani, katika ICD-11, ainisho lake la magonjwa na matatizo ya afya, linautambua uchovu huu wa kazi (burnout) kwa mambo matatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuibeza, na kujiona hufanyi la maana. Linauhesabu kuwa tatizo la kazini, si ugonjwa. Kwa hiyo usianze na mabango ya "jipende". Anza na zamu.

Sasa nasimamia madaktari walio mafunzoni, na ninachokomalia zaidi ni makabidhiano ya wagonjwa kwa daktari wa zamu inayofuata. Ukiondoka na wagonjwa kichwani, hujaondoka. Tengeni dakika kumi na tano, mkae chini. Kwa kila mgonjwa sema: ni mahututi au ametulia, nini kimebaki, na likitokea jambo fulani anayepokea zamu afanyeje. Kisha anayepokea arudie kwa maneno yake. Hapo kwenye "likitokea" ndipo wengi huparaza. Usiandike "fuatilia potasiamu." Andika: "Majibu saa nne usiku, ikizidi 6, pima umeme wa moyo na umpigie mkubwa wa zamu." Mimi nilikuwa naandika "fuatilia", halafu saa saba usiku napiga simu wodini nikiwa kitandani kwangu.

Usingizi nao una hesabu zake. Utafiti wa 1997 ulionyesha kuwa kukesha saa 17 hupunguza umakini kama pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Wodi ikitulia, pokezaneni kulala dakika 20. Ukipitiliza utaamka na kichwa kizito, basi subiri kidogo kabla ya kuandika dozi yoyote. Asubuhi usiendeshe gari. Niliwahi kusinzia kwenye taa nyekundu. Honi za nyuma ndizo zilizoniamsha.

Kuwa na kidaftari: saa ya kuingia, saa ya kutoka, ulikula au hukula. Marekani madaktari walio mafunzoni waliwekewa kikomo cha saa 80 za kazi kwa wiki mwaka 2003, Umoja wa Ulaya ni wastani wa 48, lakini kikomo hakimlindi anayeandika saa za uongo ili asionekane mvivu. Baada ya wiki nne nendeni kwa msimamizi wawili watatu, si mmoja, na muombe jambo moja. "Tumechoka" atawapa pole. "Aliyekesha aondoke baada ya makabidhiano, asibaki kwa raundi ya wagonjwa" hilo lazima alijibu.

Mgonjwa akifia mikononi mwako, usikimbilie faili linalofuata. Mtafute mkubwa wako, dakika tano tu, mpitie kilichotokea. Wengine watasema hakuna muda. Muda wa kunywa chai upo.

Dawa za usingizi usijiandikie, wala usimwombe rafiki wa zamu akuandikie. Na ukianza kuwaza heri usiamke kesho, mambo ya kidaftari yaache: mwambie mtu usiku huohuo, hata kama ni muuguzi aliye mezani, akufikishe kwa daktari mwingine. Siku hiyo mgonjwa ni wewe, na ueleze dalili zako zote.