Mtoto kachanjwa homa ya ini B lakini kinga haijapanda? Fanya hivi

Kwanza usipime mapema. Kichanga wa mama mwenye homa hiyo ya ini B (hepataitisi B) anapimwa akiwa na miezi 9 mpaka 12, au kama chanjo zilichelewa, mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho, maana ukiwahi unaweza kukuta kingamwili za kuazima, zile za sindano ya imunoglobulini aliyochomwa alipozaliwa, ukafurahia kinga ambayo baadae inayeyuka yote.

Halafu omba vipimo viwili. Anti-HBs inaonyesha kinga, HBsAg inaonyesha kama virusi wenyewe wamo. Hapa ndo wazazi wengi wanapotezwa, mama kashika karatasi imeandikwa anti-HBs 4, yaani chini ya 10 inayotakiwa, anaambiwa chanjo imegoma rudia, mtoto anachomwa zote tatu upya na kumbe ana maambukizi toka siku ya kuzaliwa. Mwili wa mtoto aliyeambukizwa mdogo hivyo unawachukulia hao virusi kama wenyeji, haupigani nao, ndo maana karibu 90% ya wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa wanabaki nao miaka na miaka. Huyo chanjo haimsaidii tena, anahitaji daktari wa ini.

HBsAg ikiwa hasi na anti-HBs iko chini ya 10 (mIU/mL), sasa ndo urudie. Anachomwa dozi moja, anapimwa tena baada ya mwezi mmoja au miwili, ikifika 10 inatosha, isipofika anamalizia mbili na kupimwa tena. Akigoma hata baada ya dozi 6 basi kweli mwili wake hauitikii chanjo, na siku akiguswa na damu yenye virusi atahitaji imunoglobulini haraka sana, kwahiyo liandikwe kwenye kadi yake kwa herufi kubwa.

Uliza pia kwa nini imegoma. Njiti wa chini ya kilo 2 dozi yake ya kuzaliwa haihesabiwi, watoto wenye VVU au figo mbovu huitikia kidogo, na kuna chanjo iliyowahi kuganda kwenye friji, hiyo imeshaharibika. Mtoto mdogo achomwe pajani, sindano ya makalioni inashusha kinga.

Ila kama mwanao ana miaka 10, alimaliza dozi zote na leo anti-HBs yake inasoma 3, tulia. Kingamwili hushuka zenyewe na umri, chembe za kumbukumbu zinabaki, na akikutana na virusi zinaamka kutengeneza nyingine.