Kuhama kutoka chuo cha jamii kwenda shahada ya kinesiolojia California: panga Anatomia na Fiziolojia kwanza

Mwongozo huu ni wa anayesoma chuo cha jamii California na anataka kumalizia shahada ya sayansi ya mazoezi katika kampasi mojawapo ya Chuo Kikuu cha Jimbo la California, CSU. Majimbo mengine yana taratibu zao, kwa hiyo usichukue tarehe na yuniti (vipimo vya uzito wa kozi) za hapa ukazitumia Texas au Ohio.

Fomu ya kuhama hujazwa kwa jioni moja au mbili. Kinachomchelewesha mtu mwaka mzima ni Anatomia na Fiziolojia: darasa limejaa, au lina kozi tangulizi ambayo hakuisoma. Ratiba yote ijengwe kuzizunguka kozi hizo mbili.

Hatua ya 1: Jua kazi unayoiendea

Kwenye kampasi nyingi za CSU shahada yenyewe huitwa Kinesiolojia, na sayansi ya mazoezi ni mchepuo ndani yake. Mchepuo unategemea kazi unayoitaka.

Anayetaka fiziotherapia atahitaji shahada ya udaktari, DPT, baada ya hii ya kwanza. Vyuo vingi vya DPT hudai mihula miwili ya kemia na miwili ya fizikia, zote zikiwa na maabara. Kozi hizo zisome ukiwa bado chuo cha jamii, ambako mkazi wa California hulipa dola 46 kwa yuniti. Anayetaka kuwa tabibu wa wanamichezo, yule anayekimbilia uwanjani mchezaji akianguka, ajue kwamba cheti cha kazi hiyo sasa hupitia shahada ya uzamili, na shahada ya kwanza ni daraja tu. Anayelenga cheti cha CSCS cha ukocha wa nguvu aiulize kampasi swali moja: je, programu yenu ina ithibati ya CASCE, baraza linalothibitisha ubora wa programu za ukocha wa nguvu? Kuanzia 2030 bila ithibati hiyo hutaruhusiwa kufanya mtihani.

Hatua ya 2: Fungua ASSIST kabla ya kumwona mshauri

ASSIST.org ndiyo hazina rasmi ya makubaliano kati ya vyuo vya jamii na vyuo vikuu vya umma California. Chagua mwaka mpya kabisa uliopo, chuo chako, kampasi unayoitaka, kisha Kinesiolojia pamoja na mchepuo wake. Ukurasa una safu mbili: kushoto kozi ya chuo kikuu, kulia kozi ya chuo chako inayokubaliwa badala yake. Palipoandikwa kwamba hakuna kozi iliyolinganishwa, weka alama. Kozi hiyo utaisoma ukishahamia, au utaitafuta chuo cha jamii cha jirani.

Fanya hivyo kwa kampasi tatu au nne, na uhifadhi kila ukurasa kama PDF. Kozi inayotokea kwenye kurasa zote ndiyo unayoanza nayo. Ukienda kwa mshauri na karatasi hizo mkononi, nusu saa yake itatosha kukuandikia mpango wa masomo. Ukienda mikono mitupu, utaelezwa mambo ambayo yako kwenye tovuti.

Hatua ya 3: Chukua AA-T ya Kinesiolojia kama inakubaliwa unakokwenda

AA-T ni shahada ya miaka miwili iliyotengenezwa kwa ajili ya kuhama, chini ya sheria SB 1440 ya mwaka 2010. Ina yuniti 60. Ukiwa nayo unahakikishiwa nafasi ndani ya CSU, na kwenye programu inayolingana nayo hutadaiwa zaidi ya yuniti 60 kumaliza shahada. Hakikisho hilo ni la mfumo mzima, si la kampasi unayoitamani. Pia kampasi inaweza kuikubali AA-T kwa mchepuo mmoja na kuikataa kwa mwingine, kwa hiyo uliza kwa jina la mchepuo.

Ndani yake kuna Utangulizi wa Kinesiolojia, Anatomia na Fiziolojia zenye maabara, kozi za mazoezi kutoka makundi matatu tofauti (kuogelea, dansi, michezo ya timu na kadhalika), na kozi mbili za orodha ya nyongeza kama takwimu, kemia au huduma ya kwanza. Makundi matatu yanawanasa wengi: madarasa matatu ya kunyanyua vyuma ni kundi moja tu. Kozi zote za fani zinataka C au zaidi.

Hatua ya 4: Panga sayansi muhula kwa muhula

Hapa ndipo pa kukaa na kalenda. Ukilenga kuhamia muhula wa vuli (fall) baada ya miaka miwili, mpangilio unaofanya kazi ni huu:

Muhula wa 1: Kiingereza cha uandishi, takwimu, Utangulizi wa Kinesiolojia, na biolojia au kemia ambayo chuo chako kinaidai kabla ya Anatomia.
Muhula wa 2: Anatomia, fikra tunduizi, kozi moja ya mazoezi.
Kiangazi: kuzungumza mbele ya hadhira.
Muhula wa 3: Fiziolojia, kemia, kozi ya mazoezi. Maombi yanatumwa muhula huu.
Muhula wa 4: masomo ya jumla yaliyobaki, kozi ya mwisho ya mazoezi, na fizikia kwa wa DPT.

Usiziweke Anatomia na kemia muhula mmoja kama unafanya kazi za zamu. Maabara ya Anatomia peke yake hula saa 3 hadi 6 kwa wiki, na mifupa na misuli haisomwi usiku wa kuamkia mtihani.

Angalia pia namba ya C-ID kwenye maelezo ya kozi, yaani namba moja inayotambulisha kozi zinazofanana katika vyuo mbalimbali vya California. Anatomia inayojitegemea ni BIOL 110 B, Fiziolojia ni BIOL 120 B. Vyuo vingine huzichanganya katika kozi mbili zinazofuatana, BIOL 115 S. Ukisoma nusu ya mfuatano huo ukahamia chuo kingine, mara nyingi utakuwa huna Anatomia wala Fiziolojia. Maliza mfuatano ulipoanzia. Na ile kozi ya muhula mmoja inayogusa mwili wote juu juu haihesabiwi kuwa mojawapo.

Ukipata D au F unaweza kurudia, lakini kuna kikomo cha mara unazoweza kujiandikisha kozi moja, na W (alama ya kujiondoa kwenye kozi) inahesabiwa. Uliza kikomo cha chuo chako. Kwa nini kung'ang'ania Anatomia na Fiziolojia? Biomekanika na fiziolojia ya mazoezi, ambazo ndizo roho ya mwaka wa tatu, hazifunguki bila hizo.

Hatua ya 5: Masomo ya jumla

Wanaoanza tangu vuli 2025 hufuata Cal-GETC, mpangilio wa masomo ya jumla kwa wanaohamia vyuo vikuu vya umma California: kozi 11, yuniti 34, zote kwa C au zaidi. CSU inasisitiza nne: uandishi, kuzungumza, fikra tunduizi na hisabati. Zikamilike kabla ya kuhama.

Hatua ya 6: Maombi

Dirisha la vuli katika Cal State Apply, tovuti ya maombi ya CSU, hufunguliwa tarehe 1 Oktoba ya mwaka uliotangulia. Ada ni dola 70 kwa kampasi, na mwenye kipato kidogo anaweza kusamehewa hadi kampasi nne. Andika kila chuo ulichowahi kusoma, hata cha Nairobi au Dar es Salaam ulichoacha njiani, kisha transkripti za vyuo vya nje ya Marekani uzipeleke kwa wakala wa tathmini ambaye kampasi inamtambua, kama kampasi inadai hivyo. Kwenye swali la shahada ya uhamisho, taja AA-T ya Kinesiolojia. Ukiacha wazi, utashindana bila kipaumbele chako.

Katika vyuo vingi AA-T haiji yenyewe. Jaza ombi la kuhitimu katika ofisi ya kumbukumbu, muhula wa mwisho ukiwa mwanzoni.

Hatua ya 7: Baada ya kukubaliwa

Barua ya kukubaliwa ina masharti: usiache kozi uliyoitaja kwenye fomu bila kuijulisha kampasi. Mwenye viza ya F-1 abaki na yuniti 12 kila muhula, ambamo kozi ya mtandaoni inahesabiwa moja tu, na aombe rekodi yake ya SEVIS (mfumo wa serikali wa kumbukumbu za wanafunzi wa kigeni) ihamishwe ili apate I-20 mpya, fomu ya chuo inayothibitisha masomo yake. Masomo mapya lazima yaanze ndani ya miezi 5.

Silabasi za kozi zote za sayansi zihifadhi, zikiwa na saa za maabara. Fiziolojia yako ikipitishwa kama kozi ya hiari badala ya kozi ya fani, mkuu wa idara atataka kuziona kabla ya kubadili uamuzi, na chuo ulichoondoka kinaweza kuchukua wiki kadhaa kuzitafuta.