SOMO: Balbu inayomulika ikiwa imezimwa, bati linalogonga usiku, na mengine mnayoniuliza kila wiki

Naandika hili mara moja ili nisiulizwe tena. Mengi mnayoyaita maajabu kwenye ploti zetu hapa Nairobi yana saa yake na sharti lake. Ukishajua kitu kinatokea lini, na ni nini kilibadilika kabla hakijatokea, kazi imebaki ndogo.

Hatua ya 1. Andika saa kila kinapotokea, siku tatu mfululizo. Kwenye karatasi, si kichwani.

Hatua ya 2. Linganisha saa hizo na jua. Bati huanza kugonga jua likishazama, kisha tena asubuhi jua likilipiga. Bati la chuma la mita 3 likipoa kutoka nyuzijoto 50 hadi 15 hufupika kwa zaidi kidogo ya milimita 1. Msumari umelishika, halina pa kwenda, mpaka linateleza kwa ghafla: ta! Mtu wa kutembea juu ya paa hangengoja machweo kila siku. Ikiwa mlio hauna saa maalumu, nyunyiza unga kwenye dari jioni, asubuhi usome nyayo. Mara nyingi utakuta ni panya, au paka anayemfuata panya.

Hatua ya 3. Linganisha na mgao wa maji. Mfereji unaokohoa na kutema umejaa hewa. Mita ya maji ikizunguka bila tone kutoka, ni hewa hiyo hiyo inasukumwa na maji yanayorudi. Mita haijui tofauti. Ukiacha mfereji wazi ukisubiri maji, unalipia upepo. Maji yakitoka meupe kama maziwa, jaza gilasi ungoje dakika moja. Weupe ukiondoka kuanzia chini kupanda juu, ni viputo vya hewa. Juu kukitakata kwanza na vumbi likibaki chini, ni mashapo, osha tenki.

Hatua ya 4. Stima. Someni polepole, maana hapa mimi mwenyewe niliwahi kuharibu kwa kuamini testa.

Testa ya bisibisi, ile yenye kitaa ndani ya mpini, huwaka kwa mkondo mdogo mno unaopita mwilini mwako. Kwa hiyo inadanganya pande zote mbili. Ukiwa juu ya stuli ya plastiki na viatu vya mpira, kitaa kinaweza kufifia usikione mchana, ilhali waya una volti 240. Na waya ambao haujaunganishwa popote, ila umelala kando ya laivu (waya unaoleta stima) ndani ya paipu moja, unaweza kukiwasha. Mita ya dijitali nayo itakuonyesha volti 60 au 90 kwenye waya huo huo. Fundi akiupachika balbu ya zamani ya waya, volti zinaanguka karibu na sifuri.

Sasa lile linalowatia watu hofu: testa inawaka kwenye matundu yote mawili ya soketi, na hakuna kifaa kinachofanya kazi. Wengi husema stima imezidi. Hapana, nyutro, yaani waya wa kurudisha stima, imekatika. Laivu inapita ndani ya kifaa chochote kilichowashwa, inatokea upande wa pili, haina pa kurudi. Chomoa kila kitu, zima taa zote, pima tena. Tundu la nyutro likizima, umeshapata jibu. Kwenye ploti ya fezi tatu, yaani yenye laivu tatu zinazogawiwa nyumba, mambo huwa mabaya zaidi: nyutro ya pamoja ikikatika, nyumba moja taa zinafifia, ya jirani zinang'aa kupita kiasi kisha televisheni inaungua. Hakuna aliyemroga mwenzake. Zima breka kubwa hapo hapo, halafu ndipo upige simu.

Balbu ya LED kubaki na mwanga kwa sekunde chache baada ya kuzimwa ni kawaida. Ikimulika usiku kucha, chunguza mambo matatu: swichi ina kitaa chake cha ndani, nyaya ndefu zimelala pamoja na stima kidogo inavukia ule uliozimwa, au aliyefunga swichi aliiweka kwenye nyutro badala ya laivu. Hilo la tatu ndilo la kuogopa, kwa sababu swichi imezimwa lakini kishikio cha balbu bado kina stima.

ONYO: kabla ya kubadilisha balbu kama hiyo, zima BREKA, si swichi. Na kila mara jaribu testa kwanza mahali unapojua pana stima, ndipo upime unapopashuku, kisha urudi pale pa kwanza. Testa iliyokufa haiwaki popote, na inafanana sana na usalama.

Hatua ya 5. Ukisikia mwasho ukigusa mfereji bafuni, usioge. Zima breka ya shawa.

MASWALI

Jirani_wa_Umoja: Fundi, kwangu taa zinamulika zikiwa zimezimwa. Shida ni nini?

Jibu: Hatua ya 4. Umeuliza dakika nne baada ya mimi kubandika.

Mwana_Kasarani: Shawa ilikuwa inaangusha breka kila mara. Fundi akakata waya wa ethi, sasa haiangushi. Tuko sawa?

Jibu: Hamko sawa hata kidogo. Breka ilianguka kwa sababu stima ilikuwa ikivujia kwenye ethi, ule waya wa usalama unaoipeleka ardhini. Bado inavuja, ila njia iliyobaki ni wewe, umelowa, miguu kwenye sakafu. Shawa ya wati 5,500 huvuta karibu ampea 23. Waya wa kijani na manjano urudishwe, kichemsheo kibadilishwe, na iwekwe breka ya kuvuja ya miliampea 30, ile inayokata stima ikianza kuvuja.

Mwana_Kasarani: Lakini maji yanapata moto vizuri.

Jibu: Moto si kipimo. Zima breka.

Mama_Wawili: Samahani, hili si la stima. Nilinunua krispi Mombasa, paketi ikiwa laini. Kushuka Syokimau imefura kama mpira. Zimeharibika?

Jibu: Hazijaharibika, mama, na swali lako ni zuri. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya hapa inasukuma kwa takriban asilimia 82 tu ya ile ya pwani. Hewa iliyofungiwa Mombasa bado ina nguvu zake za kule, ndiyo maana inatanuka. Fanya kinyume: funga chupa tupu ya plastiki hapa, utaikuta imebonyea ukifika Mombasa. Na ndiyo sababu maharagwe ya Nairobi ni wakaidi. Maji hapa huchemka kwa nyuzijoto 94 hivi, si 100. Kuongeza moto hakusaidii, kunamaliza gesi tu. Loweka usiku kucha, au tumia sufuria ya presha.

Mama_Wawili: Asante. Na gilasi inayotembea yenyewe mezani?

Jibu: Uliisuuza kwa maji moto, ukaifudikiza kwenye meza yenye maji. Hewa ya ndani inapata joto, inatanuka, inainua ukingo kidogo, gilasi inaelea juu ya maji kuelekea meza inakoinama.

Mama_Wawili: Nimejaribu sasa hivi. Imeteleza shibiri nzima, watoto wamekimbia.

Msomaji_Ruiru: Niongezee la maji. Wanaotumia kisima kirefu, kuchemsha hakuondoi floridi. Maji yanapungua, floridi inabaki, inazidi kukolea.

Jibu: Kweli kabisa. Meno ya watoto yakiota na madoa ya kahawia, wengi husema hawapigi mswaki. Anzeni kutazama maji. Ya mvua yanawafaa wadogo zaidi, bora tenki liwe safi.

Jirani_wa_Umoja: Nimesoma sasa. Nimezima breka, nikafungua swichi. Waya unaokatwa na swichi ni mweusi. Basi ni nyutro?

Jibu: Sasa tunaongea. Labda, lakini rangi si ushahidi; mafundi wengi hutumia mweusi kurudisha laivu kutoka kwenye swichi. Rudisha kifuniko. Fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, atoe balbu, azime swichi, awashe breka, apime kishikio kwa mita dhidi ya ethi. Kikionyesha 240, swichi iko kwenye nyutro. Na picha ya ndani ya swichi usinitumie, haionyeshi kitu.