Jinsi ya kupima athari ya joto katika muundo wa kikemia wa mafuta ya sheli

Sampuli ya mwongozo huu ni kukersiti, mwamba wa sheli wa Estonia, unaotoa mafuta ukipashwa joto. Kerojeni yake, yaani mabaki ya viumbe yaliyofungamana na mwamba, ina oksijeni nyingi, na ndiyo sababu mafuta yake huwa na fenoli nyingi (misombo ya pete ya kaboni yenye oksijeni).

Hatua ya 1. Saga mwamba hadi chembe zipungue milimita 2.4, uukaushe, uuchanganye vizuri, kisha uugawe katika mafungu ya gramu 100.

Hatua ya 2. Fanya kwanza jaribio la Fischer, ambalo ndilo kipimo cha kulinganishia: pandisha joto kwa nyuzi 12 za Selsiasi kila dakika hadi 500, na ulishikilie hapo kwa dakika 40, huku mvuke ukipozwa na kukusanywa. Gesi zinazotoka zina sumu, kwa hiyo usifanye kazi hii pasipo mtambo wa kufyonza hewa.

Hatua ya 3. Rudia kwa nyuzi 400, 450, 600 na 700. Ritoti (chombo cha kupashia sampuli joto) ya alumini haifai kwa viwango viwili vya mwisho, kwa kuwa alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 na hulegea kabla ya hapo. Tumia ya chuma cha pua kwa mfululizo wote, pamoja na kurudia nyuzi 500 ndani yake.

Hapa ndipo matokeo mengi huharibika. Mvuke unaokawia ndani ya ritoti yenye joto kali huvunjika mara ya pili, na mtafiti akadhani anaona tabia ya kerojeni ilhali anaona hatima ya mvuke. Kwa hiyo pitisha naitrojeni kwa mwendo uleule katika majaribio yote, wala usibadilishe kasi ya kupasha joto, kwa sababu upashaji wa polepole peke yake hupunguza alkeni (minyororo ya kaboni yenye kifungo maradufu).

Hatua ya 4. Chunguza mafuta kwa kromatografia ya gesi, mbinu inayotenganisha misombo ikiwa mvuke. Kwenye nyuzi 400 mafuta ni machache, maana sehemu kubwa ya kerojeni ingali lami nzito ndani ya mwamba. Karibu na 500 mavuno hufikia kilele, na alkeni na alkani (minyororo isiyo na kifungo maradufu) zenye idadi sawa ya kaboni huonekana zikiwa jozi, alkeni ikitangulia kidogo. Kupita 600 mafuta hupungua na gesi huongezeka, minyororo mirefu hukatika, na misombo ya pete kama naftalini hushika nafasi yake.

Hatua ya 5. Kwenye nyuzi 700 toa hesabu ya kaboni dioksidi kando, kwani kiasi kikubwa chake hutokana na chokaa ya mwamba inayoanza kuvunjika kikemia kwa joto hilo, si kerojeni.