Kasia la tabaka: namna ya kulitengeneza kwenye karakana ndogo Mwanza

Makasia mengi yanayouzwa kando ya ziwa huchongwa kwa tezo kutoka kwenye ubao mmoja. Bei yake ni nafuu, lakini ni mazito, na yakivunjika huvunjikia shingoni, pale mpini unapokutana na bapa, kwa sababu ndipo nyuzi za mbao zilipokatwa ili kupata umbo. Kasia la tabaka hutengenezwa kwa fito zilizogundishwa pamoja, kisha bapa likavikwa faiba. Ni jepesi zaidi, na halidai mashine kubwa.

Ufundi huu ndio unaoziweka mjini karakana ndogo za skii, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, zilizochipuka Marekani na Ulaya: kiini cha mbao, kitambaa cha faiba (nyuzi za kioo), epoksi, yaani gundi ya kuchanganya resini na hadena inayoikausha, na kitu cha kubania. Mafundi wengi wa huko wamejitengenezea presi kwa mipira ya zimamoto, wakaijaza upepo. Kwa kasia, tyubu kuukuu za baiskeli zilizokatwa vipande virefu zinatosha kabisa.

Vipimo vya hapa ni vya mtu mzima anayepiga kasia akiwa amekaa: urefu sentimita 150, bapa lenye urefu wa sentimita 55 na upana wa 20. Likiisha liwe na uzito wa kilo 1 hadi 1.3.

Mbao ndiyo nusu ya kazi. Chukua paini kwa sehemu kubwa na mninga kidogo kwa ufito wa katikati. Wanaojenga mitumbwi huwa na mabaki ya mninga yanayofaa. Mvule unadumu majini lakini ni mzito kwa kazi hii, na vumbi lake huwasha pua na macho. Tazama nyuzi kwa ubavu: ndani ya sentimita 30 zisikimbilie pembeni zaidi ya sentimita 2. Fundo lolote kwenye mpini ni la kukataa, hata muuzaji akikupunguzia bei.

Kisha unyevu. Paini ya sokoni mara nyingi bado ni mbichi, na epoksi juu ya mbao mbichi itaachia baadaye, mbao zikisinyaa. Pasua fito kwanza, zipange kivulini zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti ili upepo upite, na usizianike juani kwani zitapasuka nchani. Kupima, kata kipande, kipime kwenye mizani ya gramu, kikaushe kwenye oveni ya nyuzi joto 100 hivi mpaka uzito usishuke tena. Kikiwa kilianza na gramu 230 na kikaishia 200, unyevu ni asilimia 15, subiri. Kikianza na 224 kikaishia 200, ni asilimia 12, anza kazi.

Kwa mpini andaa fito 3 za sentimita 155, upana milimita 35, unene milimita 10, mninga ukiwa katikati. Ukizibana pamoja unapata mti wa milimita 30 kwa 35. Ule upande wa 35 ndio kimo, yaani ndio utakaobeba nguvu ya kuvuta maji, kwa hiyo usije ukaugeuza. Kwa bapa andaa vipande 2 vya paini vya sentimita 55, upana milimita 85, unene 20. Kila kimoja kinagundishwa ubavuni mwa mpini, katikati ya kimo chake. Ili kikae hapo, kiinue kwa plaiwudi ya milimita 8. Hesabu kamili ni 7.5, ila hiyo nusu itaondoka na randa.

Gundi iwe epoksi. Gundi nyeupe ya makabati hulainika ikikaa majini, na resini ya poliesta inayotumika kwenye boti za faiba haishiki mbao vizuri kiasi cha kuiamini kwenye maungio. Kasia moja linakula kama gramu 250 za epoksi kwa kazi yote. Fuata uwiano wa kwenye kopo, pima kwa mizani, wala usiongeze hadena ukidhani itakauka upesi: ya ziada inabaki humo na kuacha gundi laini milele. Usikoroge zaidi ya gramu 100 kwa mara moja. Mchana wa Mwanza, kopo likijaa huchemka lenyewe na kutoa moshi. Vaa glavu kila mara, maana mzio wa epoksi ukishakuingia hautoki.

Paka kwanza epoksi tupu pande zote mbili za ungio, iachie dakika chache mbao zinywe, ndipo upake ile uliyoikoleza kwa unga laini wa mbao unaotoka kwenye msasa hadi iwe nzito kama uji wa mgonjwa. Tandika nailoni chini, funga kwa tyubu. Kubana kupita kiasi ni kosa la kawaida: gundi yote inakamuliwa nje na ungio linabaki kavu. Ukiona mstari mwembamba wa gundi umetokeza kotekote, inatosha.

Kesho yake chora umbo na ukate. Piga mstari wa katikati kwenye ukingo wote wa bapa, kisha randa kutoka mpinini kwenda ukingoni mpaka ukingo ubaki milimita 6. Mgongo wa mpini uachwe ushuke bapani na kufifia taratibu; ukiukatisha ghafla umejitengenezea upya ile shingo inayovunjika. Mpini wenyewe ufanye wa pembe nane kwanza, ndipo uuviringishe hadi milimita 28 kwa 32.

Ncha ya bapa ndiyo inayogonga mawe, na mawe hapa hayakosekani. Chimba mfereji wa milimita 3 kuzunguka ncha, laza humo uzi wa nyavu wenye nyuzi nyingi uliolowa epoksi. Usitumie timba, ule uzi mmoja haunywi resini.

Faiba iwe kitambaa kilichofumwa cha gramu 200 kwa mita ya mraba. Ile mati ya boti, ya nyuzi fupi zisizofumwa, iache: gundi inayoishikilia imekusudiwa kuyeyuka kwenye poliesta, na inakunywa resini nyingi bure. Kata kitambaa kirefu kiasi cha kupanda sentimita 10 juu ya shingo. Sambaza resini kwa kipande cha plastiki mpaka kitambaa kiwe angavu. Penye weupe ni pakavu, panapong'aa kama dimbwi pamezidi, pakwangue. Upande mmoja kwa siku.

Saa ya kupaka ina maana kuliko wengi wanavyodhani. Ukipaka asubuhi, mbao zinazidi kupata joto, hewa iliyomo inapanuka na kutoboa viputo kwenye resini. Paka kuanzia saa kumi alasiri, joto likiwa linashuka. Tatizo ni wadudu wa ziwani wanaofuata mwanga jioni. Zima taa, na utundike chandarua juu ya kazi bila kuigusa. Asubuhi ukikuta uso una utelezi kama nta, ni unyevu wa usiku. Osha kwa maji na dodoki kabla ya msasa. Ukiupiga msasa hivyohivyo unaukandamiza ndani na tabaka inayofuata itabanduka.

Epoksi huharibiwa na jua, kwa hiyo malizia kwa mikono 3 ya vanishi ya nje.

Likiwa limekaa wiki nzima, lijaribu. Liegeshe juu ya nguzo mbili zilizoachana mita 1, bapa likiwa limelala, tundika ndoo mbili za lita 20 zilizojaa maji katikati. Litapinda kama sentimita 2 na lirudi sawa. Likilia, likate shingoni uangalie: gundi iking'oka safi bila nyuzi za mbao, kosa ni unyevu au uwiano, nyuzi zikiwa zimechanika na gundi ikabaki, kosa ni mbao uliyochagua.

Kwa wavuvi ambao bei ya faiba itawalemea, tengeneza la tabaka bila kitambaa, lenye uzi wa ncha na vanishi tu. Timu za mbio za mitumbwi na hoteli za ufukweni ndizo za kuuzia lile kamili. Anza na umbo moja, na kila kasia liandike namba mpinini, na kwenye daftari tarehe, kopo la resini na unyevu wa mbao, ili likirudi limevunjika ujue ni yapi mengine ya kuyarudisha.