Namna ya kupima uwakilishi katika kichekesho cha kamari cha Hong Kong: hesabu walioketi mezani

Wengi wakipima uwakilishi katika filamu huhesabu nyuso. Kwa vichekesho vya kamari vya Kikantoni, lugha kuu ya Hong Kong, hesabu hiyo hudanganya: ukumbi hujaa watu wa kila namna, lakini wanaoshika karata ni wachache. Hao ndio wa kuhesabu. Mfano mzuri wa kufanyia zoezi ni God of Gamblers III: Back to Shanghai ya mwaka 1991, iliyoongozwa na Wong Jing, ambamo mhusika wa mwigizaji Stephen Chow anarudi nyuma kwa wakati na kujikuta katika mji wa Shanghai, China, mwaka 1937.

Anza na sauti. Tafuta nakala ya Kikantoni, si ya Kimandarini. Uchekeshaji wa Chow, uitwao mo lei tau (vichekesho vya upuuzi usio na mantiki), hutegemea sana michezo ya maneno na lugha ya mtaani ya Hong Kong. Ukitegemea maandishi ya chini ya skrini peke yake, utabaki na makofi na mikunjo ya uso, kisha utaihukumu filamu kwa mabaki hayo. Kama hujui Kikantoni, tazama na anayekijua. Kumbuka pia kwamba enzi zile filamu nyingi za Hong Kong ziliingiziwa sauti studio baada ya kupigwa picha, na huenda sauti unayoisikia si ya mwigizaji unayemwona. Gong Li, mwigizaji wa kike katika filamu hii, ni wa China bara na lugha yake ni Kimandarini. Basi lafudhi, ambayo ingemtambulisha mara moja mbele ya watu wa Hong Kong, inaweza kuwa imefutwa kabla hujashika kalamu.

Tazama mara tatu. Ya kwanza, cheka tu. Ya pili, kila kamari inapochezwa simamisha picha ujaze jedwali la safu tano: nani anacheza, nani anatoa fedha, nani amewekwa dau, nani anahudumu, nani anatazama. Ya tatu, fuata mizaha: nani kaianzisha, nani anachekwa, na je, huyo anayechekwa anapata nafasi ya kujibu?

Gong Li anaigiza pacha wawili, na mmoja wao ana ulemavu wa akili. Huyo mpe karatasi yake. Andika kila jambo analoamua mwenyewe na kila analoamuliwa na wengine. Weka alama pale anapochekesha kwa nia yake, na alama nyingine pale hali yake yenyewe inapofanywa kichekesho. Kosa la kawaida hapa ni kudhani kwamba kuonyeshwa mrembo na asiye na hila ni kuheshimiwa. Mhusika anaweza kupendwa na kamera mwanzo hadi mwisho bila kuamua jambo hata moja.

Kabla ya kutazama, andika orodha ya waliokuwamo Shanghai halisi: polisi Masingasinga katika eneo la kimataifa na polisi wa Kivietnamu katika eneo la Wafaransa (sehemu za mji zilizotawaliwa na wageni), wakimbizi wa Kirusi. Weka alama kwa kila kundi linaloonekana. Kikantoni chenyewe si kosa, maana maduka makubwa ya Sincere (1917) na Wing On (1918) ya mjini humo yalianzishwa na watu wa Guangdong, jimbo la wasemaji wa Kikantoni. Mji mzima ukikizungumza, hata hivyo, Kishanghai, lugha ya wenyeji iliyo ya kundi la lugha za Wu, kimenyamazishwa, na hilo liandikwe.

Wajapani wape safu yao. Vita vya Shanghai kati ya China na Japani vilianza Agosti 1937, kwa hiyo uadui unaeleweka. Swali ni kama adui ana sababu na tabia zake, au utaifa wake umemaliza kila kitu.

Safari ya wakati nayo hugawa madaraka: ajuaye yajayo hukaa juu. Angalia kama watu wa 1937 wanamfundisha mgeni lolote, au wapo ili washangae tu. Usisahau watazamaji wa kwanza: walibakiwa na miaka sita kabla Hong Kong haijarudishwa China mwaka 1997, na shujaa anayetamani kurudi kwenye Hong Kong yake aliwagusa kwa namna ambayo mtazamaji wa leo huipita.

Tazameni watu wawili, kila mmoja na jedwali lake. Mkitofautiana, rudieni onyesho hilo bila sauti: mkono unaogusa karata utaonekana.