Somo: Kisu cha kukunja kisichoshika kutu, na makali yake yanakaa kiasi gani

Wauza visu wa hapa Mwanza wana sifa moja tu: "Hiki hakishiki kutu, bosi." Sawa, lakini hata kijiko hakishiki kutu, na hakimenyi muhogo. Kabla hujatoa hela, pitia haya.

Hatua ya 1: Sumaku. Chukua ya spika mbovu, gusisha kwenye bapa. Chuma cha kisu kinachokomazwa kwa moto hunasa vizuri. Kisiponasa, mara nyingi ni chuma cha jamii ya vijiko, na hicho moto haukikomazi.

Hatua ya 2: Soma bapa. Neno "Stainless" peke yake halikuambii kitu. Tafuta jina la chuma. 420HC ina kaboni (inayokipa chuma ugumu) karibu asilimia 0.45 na kromiamu (inayozuia kutu) asilimia 13: kutu inaisumbua kidogo, kunoa ni rahisi, makali hayakai sana. 8Cr13MoV ya China ina kaboni karibu 0.8, kwa hiyo makali yanakaa zaidi. 14C28N ya Sweden ina kromiamu 14 na nitrojeni kidogo, hivyo inahimili kutu zaidi. Kwa kazi za mwaloni, yaani soko la samaki la ziwani, mimi naichukua hii.

Hatua ya 3: Ugumu. Hupimwa kwa HRC, yaani kipimo cha Rockwell: koni ya almasi inakandamizwa kwa mzigo wa kilo 150, kisha inaangaliwa imezama kiasi gani. Visu vingi vya mfukoni viko 55 hadi 61. Vikiwa laini, makali hulala upande; pitisha ukucha taratibu utayasikia. Vikiwa vigumu mno hayalali, ila ukigonga mfupa wa sangara yanameguka na kuacha mapengo. Kwa hiyo msikimbilie namba kubwa. Halafu jina zuri lisikudanganye: chuma kilekile kikiharibiwa kwenye moto kiwandani, makali hayakai.

Hatua ya 4: Noa kwa kinoo chenye maji, nyuzi 15 hadi 20 kila upande.

MASWALI

Mkuu, nakatia kayabo (sangara wa chumvi) hapa Kirumba, kisu kipya kimeshatoa madoa ya kahawia. Nimepigwa?
Si lazima. Maji ya ziwa hayana chumvi, lakini kayabo ni chumvi tupu, na chumvi hutoboa utando wa kromiamu unaolinda chuma. Ukingo wa makali ndio mwembamba kuliko kote, unaliwa kwanza. Kisu kinakuwa butu hata kikilala tu mfukoni. Suuza kila ukimaliza, kausha mpaka kwenye bawaba, tia tone la mafuta ya cherehani.

Yangu ni D2, kromiamu 12, mbona inashika kutu?
Kaboni yake ni karibu asilimia 1.5, na imeikamata kromiamu nyingi kwenye chembe ngumu. Chembe hizo ndizo zinazotunza makali, ila kromiamu iliyofungwa humo hailindi tena.

Nilimpa mnoaji wa baiskeli, sasa hakimalizi samaki watatu.
Angalia ukingoni. Ukiona rangi ya njano au buluu, jiwe limeunguza chuma na ugumu umetoka. Noa kwa mkono mpaka sehemu hiyo iishe. Siku nyingine mwambie achovye kwenye maji kila mara.